Kurudisha rangi ya kendi ya kiwandani kwenye pikipiki ya zamani, ukiifanyia kazi nyumbani

Rangi ya kawaida huficha kilicho chini yake. Ukishapiga mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu imefunika, na mkono wa nne haubadilishi kitu. Kendi haifuniki. Ni kama kioo chenye rangi: mwanga hupenya, hugonga silva au dhahabu iliyo chini, kisha hurudi nje kwa kupita tena katika kioo kilekile. Kila mkono unaoongeza huuzidishia mwanga ugumu wa kupenya, na rangi huzidi kukolea. Ndiyo maana tangi la Honda CB750 ya mwaka 1969 lenye Candy Ruby Red hung'aa juani kama lina taa ndani, na ukilisogeza kivulini linageuka damu ya mzee.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu ananunua kopo lenye jina sahihi, anapiga vizuri, na bado anapata rangi isiyo yenyewe. Kopo ni nusu tu ya rangi ya kendi. Nusu ya pili ni idadi ya mikono na unene wa kila mkono. Kwa hiyo hesabu hiyo lazima uijue kabla hujaligusa tangi, na vipande vyote vya rangi (tangi, kava mbili za pembeni, masikio ya taa ya mbele) vipigwe siku moja, kwa bunduki moja, kutoka mchanganyiko mmoja. Ukipiga tangi wiki hii na kava wiki ijayo, hazitafanana.

Itafute rangi halisi kabla hujaikwangua

Kendi za miaka ya 1960 na 1970 hupauka kwa jua, tena hazipauki sawasawa. Mgongo wa tangi huenda umekwisha kugeuka chungwa wakati ubavu bado ni mwekundu. Rangi ya kuifuata ni ile ambayo haijaonja jua: chini ya nembo za tangi, chini ya mpira wa magoti, sehemu ya nyuma ya tangi inayofunikwa na siti, upande wa ndani wa masikio ya taa. Pasafishe, papitishe polishi kidogo, kisha piga picha nje, mara moja juani na mara moja kivulini.

Sasa chagua mahali palipokwisha kuharibika na upige msasa wa maji namba 800 kwa mzunguko, mpaka chuma kionekane katikati kwa upana wa ukucha. Tabaka zitajipanga kama pete za mti uliokatwa: klia (rangi angavu ya juu kabisa), kendi, kisha msingi wake, kisha praima, kisha chuma. Pete iliyo chini ya kendi ndiyo unayoitaka. Nyekundu juu ya silva huelekea waridi. Nyekundu ileile juu ya dhahabu huwa ya moto, inaelekea chungwa. Chukua lenzi uangalie pia chembe za metali. Msingi wa siku hizi wenye chembe kubwa humetameta kama vumbi la almasi, na macho ya anayezijua pikipiki hizi huliona kosa hilo kutoka mbali. Omba silva ya chembe ndogo.

Usikwangue kila kitu siku hiyo. Bakiza kava moja, au angalau kipande kile kilichokuwa chini ya nembo, mpaka umalize majaribio ya rangi. Hicho ndicho shahidi wako wa pekee.

Vifaa na kiasi

Bunduki ya HVLP (hewa nyingi, presha ndogo) au LVLP (hewa kidogo, presha ndogo) yenye nozeli ya milimita 1.3 inatosha kwa silva, kendi na klia. Kwa praima ya kujaza tumia nozeli ya 1.6 hadi 1.8. Kabla ya kununua bunduki, soma inahitaji lita ngapi za hewa kwa dakika ulinganishe na kompresa yako: HVLP nyingi hutaka lita 250 au zaidi, ilhali LVLP huridhika na nusu ya hizo. Kompresa ikizidiwa, presha hushuka katikati ya mstari, na kwenye kendi kushuka huko huonekana kama doa jepesi. Weka chujio la maji kwenye mpira wa hewa; tone moja la maji linatosha kuharibu tangi zima.

Kwa seti ya tangi, kava mbili na masikio, andaa takriban mililita 300 za praima ya epoksi, 500 za praima ya kujaza, 400 za silva, lita moja ya kendi na lita moja ya klia, vyote vikiwa vimeshachanganywa tayari kupigwa. Kendi inaonekana nyingi, lakini mkono mmoja kwa seti nzima hula kama mililita 100, na kadi za majaribio zina sehemu yao. Ichanganye yote kwa pamoja kwenye chombo kimoja, uikoroge kila unapojaza bunduki. Kendi ikiisha kwenye mkono wa tano na ukachanganya nyingine kwa kukisia, umepoteza mikono minne iliyotangulia.

Mapafu na moto

Hadina (dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi) ya klia na ya praima za kujaza za vijenzi viwili ina isosayanati. Kemikali hii huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na hakuna harufu ya kukuonya kwamba inakuingia. Barakoa ya vumbi haizuii. Kinachofaa zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Wanaopiga nyumbani mara moja moja hutumia barakoa ya mpira yenye katriji za mvuke wa kemikali pamoja na chujio la chembe. Kama ndiyo njia yako, katriji ziwe mpya, barakoa ikae ngozini bila ndevu kati, na kazi iwe fupi. Vaa glavu za nitrili, miwani iliyofunga na nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa isosayanati hupita pia kwenye ngozi na macho. Makopo ya kupuliza yenye hadina ndani yanadai tahadhari hiyohiyo.

Hewa ya chumba itoke nje, na pasiwe na mwali wowote karibu, ukiwemo wa hita ya maji. Jirani mwenye dirisha wazi naye aambiwe.

Tangi kwanza kwa ndani

Mwaga petroli, toa koki, kifuniko na geji kama ipo. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, kwa hiyo lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta mara mbili tatu kabla ya kuligusa kwa mashine yoyote inayotoa cheche. Kutu ya ndani ishughulikiwe sasa, kabla ya rangi. Dawa za kutu na za kupaka ndani ya tangi hula rangi mpya zikimwagika mdomoni, na zinamwagika.

Ziba matundu, paka povu la sabuni nje, kisha jaza hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli, isizidi bar 0.2. Povu likichemka mahali, hasa kwenye mshono wa chini, pana tundu. Usiunganishe kompresa moja kwa moja. Bati la tangi ni jembamba, litafura na halitarudi.

Kukwangua, kujaza, kusawazisha

Kwenye chuma, dawa ya kutoa rangi huokoa siku nzima. Kwenye kava za plastiki isifike hata tone: huyeyusha ABS, plastiki ya kava hizo, na kuifanya laini kama mkate uliolowa. Kava zipigwe msasa tu, namba 240 kisha 400, na kama plastiki imetokeza, zianze na praima ya kushikisha plastiki.

Osha mabaki ya dawa, hasa kwenye mshono na chini ya mabano ya nembo, kwa kuwa dawa iliyojificha huko hupanda baadaye na kuinua rangi. Kausha, piga msasa namba 80 kisha 180, futa kwa kisafisha mafuta ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja kikavu cha kuokota. Siku hiyohiyo piga epoksi mikono miwili. Chuma kilichoachwa wazi usiku kucha huamka na kutu isiyoonekana.

Palipobonyea jaza fila (uji mzito wa kujazia mabonde) juu ya epoksi iliyokauka na kupigwa msasa. Hadina ya fila ni gramu 2 kwa kila gramu 100. Ukiizidisha ili ikauke haraka, peroksaidi ya hadina inayobaki hupanda polepole na kutia madoa ya manjano juu ya silva, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kumaliza. Unene wa fila usizidi milimita 3, na isipigwe msasa kwa maji kwa sababu hunywa maji kama sponji.

Fuata na praima ya kujaza mikono miwili au mitatu. Ikikauka, pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake, kisha msasa wa maji namba 400 kwa kibao mpaka weusi wote uishe. Mahali weusi unapobaki ni bonde. Mahali praima inapoisha haraka ni kilima. Maliza kwa namba 600. Hapa hakuna kujihurumia: mkwaruzo wa msasa namba 320 unaoweza kufunikwa na rangi nyeupe, kwenye kendi utaonekana kama unywele juani. Pitisha kiganja juu ya tangi macho yakiwa yamefumba. Mkono huona mawimbi ambayo macho hayajayaona. Acha likauke usiku mzima kabla ya silva.

Kadi za majaribio

Kadi ndizo roho ya kazi hii, na ndizo watu wanazoziruka. Kata vipande vitatu vya bati, kila kimoja kama ukubwa wa daftari. Vipige praima ileile na silva ileile. Kadi ya kwanza igawe michirizi minane. Piga kendi mkono mmoja juu ya yote, ngoja, funika mchirizi wa kwanza kwa karatasi na tepu. Piga wa pili, funika mchirizi wa pili. Endelea hivyo hadi minane. Toa karatasi zote, kisha piga klia juu ya kadi nzima. Bila klia kendi ni kavu na butu, na haiwezi kulinganishwa na chochote.

Sasa iweke kadi kando ya shahidi wako, nje, mchana. Tazama kwa kuielekea, kisha kwa kuiinamisha. Mchirizi unaofanana katika pande zote mbili ndio idadi yako. Mara nyingi huangukia kati ya minne na sita. Kama unafanana ukiuelekea lakini ukiinamisha unapishana, tatizo ni msingi: silva ni nyeupe mno, ina chembe kubwa mno, au ilipaswa kuwa dhahabu. Badilisha msingi, usiongeze kendi. Kadi mbili zilizobaki ni za kurudia mpaka matokeo yajirudie bila kubahatisha. Baada ya hapo jaribu mwendo wa mkono wako kwenye kitu cha mviringo kama jerikani kuukuu, maana bati bapa halikufundishi kona za tangi.

Silva

Litundike tangi kwa boliti kwenye mabano yake, juu ya stendi unayoweza kuizunguka. Kava zikae wima, zikielekea zinavyokaa kwenye pikipiki, kwa sababu chembe za metali huonekana tofauti kulingana na zilivyolala. Pitisha kitambaa cha kunasa vumbi.

Piga mikono miwili ya kawaida, umbali wa sentimita 15 hadi 20, presha ya bar 1.8 hadi 2 kifyatulio kikiwa kimebanwa (au ile iliyoandikwa kwenye bunduki yako). Kisha rudi nyuma hadi sentimita 25 au 30, punguza presha kidogo, upige mkono wa ukungu unaoanguka kama umande. Huo ndio unaolaza chembe sawasawa na kufuta mawingu. Silva iliyolowa sana hutengeneza mawingu kwa kuwa chembe huogelea kabla rangi haijashika. Mulika kwa tochi kutoka kila upande. Wingu unaloliona sasa litakuwa baya mara tatu chini ya kendi. Silva haipigwi msasa ikaachwa. Vumbi likitua, ondoa kwa namba 1000 kwa upole, kisha rudishia silva na mkono wa ukungu juu ya ubavu mzima.

Kendi yenyewe

Subiri nusu saa, kisha anza. Mstari mmoja uufunike mwingine kwa robo tatu, siyo nusu kama rangi ya kawaida. Bunduki iende sambamba na bati, isizungushwe kwa kiwiko kama upinde, ianze kutoa rangi kabla ya kufika kwenye bati na iache baada ya kulipita. Anza na sehemu za chini na ukingo wa mshono, halafu mbavu, halafu mgongo. Hizo kingo zipewe mguso mwepesi, kwa kuwa zitapata tena rangi unapopiga mbavu. Ukizisahau zinakuwa na mpaka mweusi kama wanja.

Mkono wa kwanza utakuvunja moyo. Ni silva yenye kivuli cha waridi tu, na kishawishi cha kuujaza ni kikubwa. Uache. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ung'avu wa umajimaji uondoke na kidole kwenye tepu ya pembeni kisinate. Kwenye mkono wa pili sogeza mistari kwa nusu ya nafasi iliyo kati ya mstari na mstari, ili mstari usiangukie juu ya mstari. Mkono wa tatu ndipo rangi inapojitambulisha: mabega ya tangi, pale bati linapojipinda kumkimbia mtazamaji, huanza kuwa meusi kuliko ubavu, kwa sababu jicho linapenya kendi kwa mshazari. Hilo siyo kosa, ndio uzuri wenyewe.

Kila duru ifuate mpangilio uleule: masikio, kava, tangi. Chora alama ukutani kila mkono unapoisha. Usiamini kumbukumbu, na usiamini macho chini ya taa ya gereji, iamini kadi.

Makosa ya hapa hayafichiki. Michirizi kama ya pundamilia hutokana na mistari isiyopishana vya kutosha au presha inayopanda na kushuka. Mabaka hutokana na mwendo usio sawa. Rangi ikitiririka, tone lile ni kendi nene, yaani doa jeusi, na ukilipiga msasa unapata doa jeupe. Hakuna kiraka kwenye kendi. Upande ulioharibika unarudi kwenye silva, na kwa tangi mara nyingi hiyo ni tangi lote. Inauma, lakini kujaribu kuviraka hula muda mrefu zaidi na huishia palepale. Usiguse kwa kidole wala kupiga msasa. Vumbi dogo liache lizikwe na klia.

Tangi likiwa na rangi mbili, kama lile la Kawasaki Z1 ya 1973 la kahawia na chungwa, zuia sehemu iliyokamilika kwa klia ya kati kabla ya kubandika tepu, na tumia tepu nyembamba ya plastiki kwenye mpaka. Kendi za dai (rangi inayoyeyuka kabisa, isiyo na chembe) hupanda na kupenya rangi iliyo juu yake. Mstari mweupe uliopigwa moja kwa moja juu ya kendi nyekundu unaweza kuwa wa waridi baada ya siku chache. Kendi za pigmenti (rangi ya chembe ndogo sana) hazipandi hivyo, tena hustahimili jua zaidi.

Klia, nembo na kung'arisha

Tumia klia ya vijenzi viwili yenye kinga ya jua. Uwiano wa kawaida ni sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, lakini fuata kopo. Klia ya kopo la kupuliza isiyo na hadina hulainika petroli ikiigusa, na kwenye tangi petroli itaigusa. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, wa pili uliojaa, dakika 15 kati yake. Ukikimbilia mkono wa pili, thina inayonaswa chini hutoboa vijitundu kama vya sindano. Vidimbwi vya duara ni silikoni: polishi, dawa ya mnyororo, hata mafuta ya mikono.

Michirizi na nembo za karatasi ya maji huwekwa baada ya mikono hiyo miwili kukauka usiku mzima na kupigwa msasa 800. Kamua maji yote chini ya nembo, iache ikauke kabisa, kisha mkono wa kwanza wa klia juu yake uwe ukungu tu. Ukilowesha, nembo hujikunja kingo. Ongeza miwili iliyojaa.

Baada ya siku tatu, msasa wa maji 1500, 2000, 3000, halafu polishi. Bandika tepu kwenye mbavu zilizochongoka za tangi wakati wa msasa, kwani hapo klia ni nyembamba kuliko kwingine, na ukiivuka unaingia kwenye kendi. Nta isubiri miezi miwili.

Tangi lisitiwe petroli kwa wiki mbili. Wakati wa kulirudisha weka mipira mipya ya kulikalisha tangi kwenye fremu. Ule wa nyuma ukikaza, lainisha kwa maji ya sabuni badala ya kulisukuma tangi kwa nguvu, kwa sababu ni hapo, kwenye fremu chini ya siti, ndipo rangi nyingi mpya hupata jeraha lake la kwanza. Koki ipate gasketi mpya, na mara ya kwanza unapojaza mafuta zungushia kitambaa mdomo wa tangi.